Foto Elgon Haina Mpinzani

Jinja, Jumapili, 4 Agosti 1974

Matembezi ya kwaya kando ya Naili. Nimeng'ara! Kamera shingoni, flashi mkononi, kofia upande. Kila mtu Bwana Wasike huku, Bwana Wasike na mimi. Kasoro moja tu, naijua peke yangu: kamera haina filamu. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe, filamu hapa Jinja ziko kwa Muhamad wa studio tu, ambaye kaka yake ni mwanajeshi. Kumpigia magoti Muhamad? Afadhali nipige picha hewa.

Mpango ni huu. Nabofya, flashi inawaka, watu wanafurahi. Filamu ikipatikana nitasema zile za kwanza ziliungua, nipige tena. Nani ataumia?

Aliyefurahi kuliko wote ni jirani yangu Matia, fundi baiskeli. Hajapigwa picha maishani. Hata siku ya harusi yake mpiga picha hakutokea. Alivaa koti lile lile la harusi, akasimama wima kama mlingoti, jasho linamtiririka. Nilimgeuza asielekee bwawa la umeme linalolindwa na askari, maana kuonekana na kamera upande wa bwawa ni kujichimbia kaburi. Nikambofya mara mbili, kwa heshima.

Jinja, Jumanne, 6 Agosti

Wanadai picha! Nimesema ziko Mbale zinasafishwa. Wamekubali. Matia amenitengenezea breki bure, akauliza kama alitoka vizuri. Nikasema ametoka kama waziri.

Nimechongesha muhuri: FOTO ELGON, MBALE, na nafasi ya tarehe. Studio haipo, lakini muhuri upo. Wa Muhamad ni mdogo mno.

Jinja, Alhamisi, 8 Agosti

Mambo mabaya. Jana Matia alikwenda Buwenge, siku ya soko. Watu wawili wenye miwani ya jua wakamtia kwenye buti ya gari mchana kweupe. Wauza maharage wakaendelea kupima maharage. Sababu? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mkewe, Nangobi, amekuja macho yamevimba. Alikwenda kambi ya jeshi, afande wa getini akamwambia: "Jina hapana saidia, mama. Watu iko mingi. Leta picha." Basi anaitaka ile ya mtoni. Ndiyo pekee, alisema, na bila hiyo hatampata mumewe.

Nimeogopa, na nimeona haya, siwezi kuficha humu. Ulimi ulikuwa tayari kusema kweli. Ukasema picha iko Mbale, naifuata.

Jioni Muhamad mwenyewe alibisha hodi. Eti amesikia, eti atamwomba kaka yake aulizie kimyakimya. Nimemwona! Anataka kunipokonya mteja. Nikamshukuru, nikamwambia Foto Elgon inalishughulikia.

Mbale, Jumatatu, 12 Agosti

Msimu wa tohara. Mtaa mzima wa Malukhu ni ngoma na vijana waliopakwa unga wa wimbi, wanaruka, na mimi sina cha kuwapigia! Duka la jumla lilikuwa na filamu moja tu, muda wake umepita. Nikaichukua.

Halafu akili ikafunguka. Matia ni pacha! Wasoga hawana siri katika hili: pacha wa kwanza ni Waiswa, wa pili ni Tenywa. Matia ni Waiswa. Tenywa anauza vitunguu soko la hapa Mbale. Uso ni mmoja!

Nilimkuta hana habari. Alikaa chini juu ya gunia, akashika kichwa. Nilipomweleza mpango alikubali kabla sijamaliza. Tukaazima koti, tukatundika shuka jeupe. Alikuwa anasimama vizuri ila anajaribu kutabasamu kwa adabu. Nikamwambia asitabasamu, yuko kizuizini.

Nimeisafisha picha jikoni kwa mkewe, Nabalayo, dirisha limezibwa kwa blanketi. Safi kabisa! Nyuma nikagonga muhuri na tarehe. Umetoka vizuri hata wino haukuvuja.

Jinja, Jumatano, 14 Agosti

Nangobi aliitazama picha kwa muda mrefu. Akasema, huyu ni Tenywa, masikio si ya Matia.

Nikamweleza kuwa kamera ilileta matata mtoni, na kwamba askari anatafuta uso, hatafuti masikio. Alilia. Akaifuta picha kwa upindo wa gauni lake la gomesi kama vile ina vumbi, akaondoka nayo kwenda kambini. Nimejisikia mtu mwema siku nzima.

Jinja, Jumamosi, 17 Agosti

Siwezi kula. Afande aliitazama picha, akaigeuza. Mbale, 12 Agosti. Wao walimchukua Matia tarehe saba. Basi wakaamua kwamba ametoroka na yuko Mbale anapiga picha za koti! Nangobi alijaribu kueleza habari za pacha. Wale si watu wa Busoga, Waiswa na Tenywa kwao ni maneno tu. Walimfukuza kwa kitako cha bunduki. Jana gari likaenda Mbale, Tenywa akatolewa katikati ya vitunguu vyake. Za Matia hakuna habari hata moja.

Nimelia mpaka shati likalowa. Ndugu wawili! Kwa bahati muhuri hauna jina langu.

Lakini lazima niandike na hili. Soko lile lina watu tele, na askari walimtambua mara moja. Kwa filamu mbovu! Muhamad ana picha gani ya kutambulika hivyo?

Jinja, Jumatatu, 19 Agosti

Nabalayo amefika kwa basi, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kope. Kambi ya Mbale wamemwambia vile vile, jina halisaidii, alete picha. Nangobi alimshauri aende kwa Muhamad akaseme na yule kaka mwanajeshi. Namshukuru Mungu nilimwona barabarani kabla hajafika! Aliniuliza kwa woga kama ile picha ya Tenywa ninayo bado.

Negativu ninayo! Nimemketisha, nimempa chai, nimembembeleza mtoto. Naikuza leo hii, kubwa, hata masikio yaonekane. Na nyuma nitagonga tarehe ya leo, wasije wakaikataa kwamba ni ya zamani.