Kupungiwa Mkono Hadi Darajani

Jumanne, 4 Februari

Theluji tangu alfajiri. Koo linawasha. Huenda ni nimonia. Huenda ni chai ya moto.

Habari mbaya sana leo. Nilikuwa nasugua birika la mawe la kuoshea miguu mbele ya ofisi (hiyo nayo ni kazi ya karani wa Chama cha Nyumba za Wageni, cheti changu cha chuo kikining'inia ukutani), nikamsikia Chizuru akiongea na Bibi Someya wa duka la tofu. Chizuru ndiye mvuta riksho wetu, wa mwisho mjini. Kigari ni cha baba yake, aliyekivuta mpaka magoti yakamshinda. Sasa binamu yake amemwita Kyoto, ambako wavuta riksho hawapati nafasi ya kukaa chini kwa wingi wa wateja. Anataka jibu Jumapili. Chizuru akasema atakubali tu, kwani hapa anavuta upepo.

Upepo! Na wa kulaumiwa namjua. Hidenobu. Tangu vuli, Nyumba ya Wageni ya Utsugi, kubwa kuliko zote hapa, ina basi dogo lenye viti vinavyopashwa joto, na Hidenobu ndiye dereva. Ana glavu nyeupe. Meno nayo ni meupe.

Brashi ikaniponyoka, ikazama. Chizuru akageuka, akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo. Ninalo tangu mwaka juzi. Nikamwambia maji yana moto. Akautazama mvuke, akanijibu kwa upole kwamba ndiyo, Kanta, ni chemchemi ya maji moto.

Mjinga mimi! Lakini Kyoto haendi. Nitapanga jambo.

Jumatano, 5 Februari

Nimepanga jambo.

Mimi ndiye msomaji wa matangazo ya jioni kwenye vipaza sauti vya mji: glavu iliyookotwa, mzee aliyepotea njia, theluji inayokuja. Sauti yangu huingia kila jiko. Silaha kubwa hiyo, na sijawahi kuitumia! Leo nikaongeza sentensi moja ya kwangu. Kwamba barabara ya stesheni inateleza mno, wenye magari wachukue tahadhari kubwa. Si uongo. Ni Februari, kila kitu kinateleza. Basi litaogopa, wageni watapanda riksho, Chizuru atabaki. Nilijipongeza kwa biskuti.

Tatizo ni sauti. Ilitetemeka. Nilipofika kwenye "tahadhari" ilipanda ikawa ya mbuzi. Mtaa mzima ukadhani ni tetemeko la ardhi. Bibi Someya alitoka mbio na kofia ya dharura na mfuko wa dharura, paka ndani ya mfuko. Wageni wakatoka mabafuni wamejifunga taulo. Hidenobu alifunga minyororo kwenye magurudumu yake, akaendelea na safari zake huku akipiga mluzi.

Na Chizuru? Chizuru ni raia mwema. Alisikia tangazo la Chama, akaiingiza riksho bandani, akafunga mlango.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Kunugi, mkuu wa Chama, aliniita kabla sijavua koti. Hakufoka. Laiti angefoka! Aliniuliza tu kama nyumbani kwetu kuna amani. Kisha akanipa rundo la maboksi ya keki za maharage matamu, nipite mlango kwa mlango kuomba radhi kama ilivyo ada. Nimeinama mtaa mzima. Kiuno changu hakitapona. Bibi Someya alipokea boksi lake, akanieleza kwamba paka hajala tangu jana kwa mshtuko, akachukua na boksi la pili kwa niaba ya paka.

Hidenobu alipunguza mwendo, akateremsha kioo. "Bwana Karani! Leo utuletee nini, volkano?" Jibu kali sana lilinijia. Lilinijia nikiwa nimeshafika kwa fundi viatu, yeye yuko stesheni.

Chizuru nilimweka wa mwisho. Alikuwa bandani anapaka ekseli mafuta. Niliinama kwa moyo wangu wote, nikagonga paji la uso kwenye mti wa kuvutia riksho. Nyota mchana! Akanikalisha chini, akachota theluji, akaifunga kwenye leso, akanishikia kwenye paji la uso. Mkono wake una sugu. Niliombea uvimbe ukawie kupungua.

Ili nisiwe kimya nikamwuliza atakikumbuka kitu gani cha hapa. Akasema ni maneno anayosikia njiani. Watu wakikaa nyuma yake husema ya kweli, kwa sababu wanaona mgongo tu, na mgongo haumkodolei mtu macho.

Mgongo! Kwa nini sikufikiria? Macho yake ndiyo yanayonishinda. Mgongo naumudu! Nikipanda ile riksho nitaweza kusema yote.

Kikwazo: Chizuru hapakii wenyeji kwa malipo. Bibi Someya alijaribu mwezi uliopita, na Chizuru, aliyeona ni huruma tu, alimfikisha kwake bure akamwambia huruma ampe paka. Kwa hiyo sitapanda kama mwenyeji. Nitapanda kama mgeni.

Ijumaa, 7 Februari

Bahati! Kwenye kabati la vitu vilivyookotwa kuna yukata ya Utsugi, iliyosahaulika katika bafu la mji. Kila nyumba hapa ina yukata yake, lile vazi la pamba ambalo wageni hutembea nalo, na kila moja ina nakshi yake, ili mgeni akipotea ajulikane arudishwe wapi. Ya Utsugi ni buluu, ina korongo weupe. Nilipaswa kuirudisha wiki iliyopita. Uvivu wangu una maono kuliko mimi.

Nimeijaribu chumbani. Inaniishia magotini. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi sana, au mtoto mnene. Nikaongeza barakoa, kofia ya sufu na miwani ya marehemu babu. Nikajifunga mbele ya kioo kwa uangalifu mkubwa. Upande wa kushoto lazima ukae juu ya wa kulia, kila mtu anajua, kwani kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Nilikitazama kioo mpaka nikaridhika. Kisha nikafanya mazoezi ya lafudhi ya Osaka. Mama akauliza kutoka jikoni kama ni tumbo.

Ni kesho asubuhi. Siwezi kula. Nimekula kidogo. Nimekula yote.

Jumamosi, 8 Februari

Nimejifunika blanketi mbili. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi, saa ya wageni kuondoka, nilijipenyeza kwenye mlango wa mbele wa Utsugi na mitalawanda miguuni. Hidenobu akanifungulia mlango wa basi kwa glavu zile. Nikamwambia, kwa lafudhi ya Osaka, kwamba mimi ni mpenzi wa vitu vya kale, nitachukua riksho. Akanitazama kuanzia kofia hadi magoti. Sikujali. Chizuru alikuwa ng'ambo ya barabara kama kawaida, akailaza miti chini, nikapanda, akanifunika blanketi. Mgongo wake ukawa mbele yangu. Mgongo mzuri!

Hapo ndipo alipotoka Bi. Utsugi mwenyewe, mwenye nyumba ile, na wahudumu wake wote.

Nilisahau! Utsugi humsindikiza mgeni kwa kumpungia mkono mpaka asionekane tena. Basi la Hidenobu hukata kona pale pale, mkono haujafika hata begani. Lakini riksho hufuata barabara ya mto, nayo imenyooka mpaka kwenye daraja jekundu. Na mtu anayepungiwa mkono na Bi. Utsugi hawezi kumpa kisogo. Sikulelewa hivyo.

Kwa hiyo nilikaa nimejipinda, nikatazama nyuma, nikapunga. Wakapunga. Nikainama. Wakainama. Kila nilipojaribu kuugeukia mgongo niseme neno langu, wahudumu waliinua mikono juu zaidi. Na Chizuru alikwenda polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu kuna mpumbavu alitangaza mji mzima kwamba barabara inateleza. Madirisha ya ghorofani yakafunguka, wageni wengine nao wakaanza kupunga. Hidenobu akapunga kwa glavu zote mbili. Nilimwona Bi. Utsugi akijifuta macho kwa mkono wa kimono. Nikaguswa mno. Nikakaribia kulia mwenyewe, na mimi siendi popote!

Daraja, hatimaye. Wakatoweka nyuma ya theluji. Nikageuka, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Chizuru akanitangulia. "Kanta, nani kakuvika hivyo? Kulia kuko juu. Hiyo ni sanda."

Kioo! Kioo ndicho kilichonigeuzia pande! Nilivuka mji mzima nimevaa kama maiti, nikiwapungia walio hai.

Akaongeza, bila kugeuka, kwamba tena hakuna mgeni duniani anayekwenda stesheni na yukata. Wote hubadilisha nguo kwanza. Alinijua tangu nilipokanyaga ngazi ya riksho, maana mimi peke yangu huiomba radhi ngazi. Kisha akasimama, akaja nyuma, akageuza vazi likawa la mtu hai, akanikaza mkanda, akaniuliza nilitaka kusema nini mpaka nikajitesa hivi.

Macho yake yakawa mbele yangu. Yote mawili. Nikasema maji yana moto.

Alicheka mpaka akauegemea mti wa riksho. Kisha akaona vidole vyangu vya miguu ni vya buluu kuliko vazi, akaacha kucheka. Akanirudisha kwa njia ya nyuma, akakimbia safari hii, mpaka kwenye birika langu mwenyewe la kuoshea miguu, akanitumbukiza miguu, naye akavua viatu akakaa kando yangu. Tukatazama theluji ikiyeyuka kabla ya kufika majini. Akasema kesho atampigia binamu.

Nikasema, "Usiende." Lakini nilisema chini ya barakoa, na mto ulikuwa unapiga kelele. Hakugeuka. Hakusikia. Bora hivyo. Si bora hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Nilifua yukata, nikaipiga pasi, nikanunua boksi la keki, nikaenda kujikabidhi kwa Bi. Utsugi. Nilitegemea polisi.

Akanikaribisha chai. Akasema alinijua kabla sijamaliza kushusha mguu mlangoni. Nikamwuliza, sauti ya mbuzi, mbona basi alinipungia mpaka darajani. Akasema anayetoka kwake na vazi lake ni mgeni wake, hata akiwa karani, hata akiwa maiti. Yale machozi yalikuwa ya kicheko. Mwanzoni. Baadaye, akasema, riksho ilipokuwa ndogo kule mbali na ule mkono wangu mwembamba bado unapunga, akamkumbuka marehemu mumewe, na kicheko kikamwishia kooni. Hajamsindikiza mtu hivyo tangu aliponunua basi.

Wageni wa ghorofani walishuka kuulizia kama na wao wanaweza kuagwa namna ile. Leo asubuhi wameagwa. Tangu sasa Chizuru atawavuta mpaka darajani kila siku, na Hidenobu atawangojea ng'ambo na mizigo na viti vyake vya moto. Hidenobu, nasikia, amefurahi. Amepata mahali pa kuvutia sigara. Hata kushindwa anashindwa kwa raha, yule!

Nilikimbia mpaka bandani bila koti. Nikamwambia Chizuru, huku nikihema, kwamba nimesikia, kumbe kazi ya Bi. Utsugi imembakiza. Akasema hapana. Alishampigia binamu jana jioni kumkatalia, mara tu alipotoka birikani. Bi. Utsugi amekuja leo.

Nimelifikiria jambo hilo siku nzima. Kama si kazi, ni nini? Jibu liko wazi. Ni tangazo langu la Jumatano! Limechukua muda tu kumwingia.

Jumatatu, 10 Februari

Chizuru alipita ofisini asubuhi akitoka darajani, theluji kwenye kofia. Mzee Kunugi ghafla akakumbuka kuna kitu cha kupanga stoo. Chizuru akaniambia riksho hurudi tupu kila asubuhi, na ni kichekesho kuvuta kiti kitupu. Nikitaka nikae. Si kwa huruma wala kwa malipo. Kwa nguo zangu mwenyewe, bila miwani ya babu, na hasa bila barakoa. Akasema barakoa ni kitambaa tu, sauti hupita. Ile ya Jumamosi ilipita. Na kama lile neno lina ndugu zake, mgongo wake una masikio, na mto hauyazibi.

Akaenda. Nilibaki nimeshika muhuri. Nilijigonga muhuri mkononi. IMEPOKELEWA. Sitaki kuuosha.

Kwa hiyo alisikia! Na anataka nipande. Kesho! Nimeyapima yote kwa utulivu, kama mtu mzima aliyejifunza. Ni dhahiri kwamba wazo langu lilikuwa sahihi tangu mwanzo na kosa lilikuwa nakshi tu. Korongo wanajulikana mno. Kabatini kuna yukata nyingine, ya nyumba ya ng'ambo ya mto, ina majani mekundu, nayo inanifika karibu na vifundo. Miwani nitaacha, kwa kuwa ameomba. Nitaweka masharubu. Osaka nayo nitaiacha. Nitakuwa mfanyabiashara wa kaa kutoka Hokkaido, mtu jasiri, asiyeogopa migongo wala macho.

Mama anauliza tena kama ni tumbo.

Na safari hii sirudii kosa lile la aibu. Nitajifunga polepole, mbele ya kioo, nikikitazama vizuri.