Nyumba Isiyofika Mwisho wa Mwezi

Uvumi ulimkuta Mama Sindano bombani, ndoo yake ikiwa nusu.

"Kuna nyumba za serikali nyuma ya ghala la saruji," alisema muuza mboga. "Ukiingia humo, mwisho wa mwezi haufiki."

"Haufiki vipi?"

"Haufiki tu. Na usipofika, kodi utadaiwa na nani?"

Mama Sindano alicheka, akajitwisha ndoo, akaenda zake. Lakini maneno yale yalimganda kama kupe. Alikaa kwenye cherehani, yapo. Alipika, yapo. Alipolala, alimwamsha mumewe.

"Baba Sindano, hivi mwezi unaweza kukataa kuisha?"

"Wangu huisha tarehe tano," alijibu mumewe, mlinzi wa ghala, akajifunika shuka gubigubi.

Haikupita wiki, gari la kipaza sauti likapita mtaani. Idara ya Maisha Nafuu na Sinema ya Nyumbani ilikuwa na furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi ukombozi. Baada ya utafiti wa kina, semina, na chai ya kutosha, Idara ilikuwa imegundua kwamba wananchi wana shida mbili: hawana pa kuishi, na hawana sinema yao wenyewe. Kwa kuwa kutatua shida moja moja ni matumizi mabaya ya shida, zote mbili zitatatuliwa ndani ya jengo moja.

Mkurugenzi wa Idara alikuja mwenyewe kufafanua. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na tai iliyofika pale ambapo mkanda ungekuwa kama ungeonekana.

"Nyumba ya kawaida ina kuta nne," alisema. "Naomba anyooshe mkono mtu aliyewahi kutumia kuta zote nne kwa wakati mmoja."

Hakuna aliyenyoosha.

"Mnaona! Ukuta wa nne ni anasa. Sisi tumejenga tatu. Upande uliobaki tumeweka kamera. Ninyi mtaishi kama kawaida yenu, tena bila kodi, na sinema itajitengeneza yenyewe. Huu unaitwa ubunifu shirikishi wa pande tatu."

Watu walipiga makofi, maana neno lilikuwa refu na jua lilikuwa kali.

Mama Sindano alikata shauri palepale. Alikuwa na sababu moja tu, nayo ilikuwa imesimama pembeni yake ikijikuna mguu kwa mguu. Ni bintiye, mwanafunzi wa darasa la saba, aliyeitwa Sindano kwa ajili ya wembamba wake na kwa ajili ya ulimi wake. Mama Sindano mwenyewe aliishia darasa la saba. Alikuwa ameapa kwamba huyu atavuka, na kila alichookoa kwenye kodi kingekuwa daftari, sare, nauli. Walihamia Jumatatu jioni: godoro, cherehani, sufuria ya maharage ikiwa bado ya moto.

"Ishini!" alipaza sauti mwongozaji wa sinema kutoka upande usio na ukuta.

Wakaishi. Mama alikuwa anamsuka Sindano, amemaliza upande mmoja wa kichwa. Sindano alikuwa amefungua kitabu cha hesabu, kwenye swali la tangi linalojaa maji huku linavuja. Baba aliingia akitoka kazini, amechoka, akaketi. Kamera ikaona yote.

Asubuhi Mama Sindano aliamka, akajinyoosha. Akamkuta amesimama mbele yake dada mmoja mrefu, mpole, mwenye miwani. Huyu alikuwa mwangalizi wa mfuatano. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kitu kinabaki kama kamera ilivyokiona mara ya mwisho, ili watazamaji wasichanganyikiwe.

"Shikamoo, mama. Naomba mrudi mlipokuwa. Bado ni Jumatatu jioni."

"Marahaba, mwanangu. Na jua lile je?"

"Lile liko nje ya picha."

Mama Sindano alidhani ni utani. Haukuwa utani. Hadithi ya sinema ilitaka Jumatatu hiyohiyo jioni mwenye nyumba aje, adai kodi, awafukuze. Mpaka atakapokuja, jioni haiwezi kuisha. Na mwenye nyumba hakuwepo. Waigizaji wote wa mji walikuwa wamesikia kwamba anayeingia kwenye picha hatoki mpaka hadithi imtoe, kwa hiyo kila mmoja alikuwa amepatwa na msiba wa ghafla.

Ndipo maisha nafuu yakaanza rasmi. Kodi haikudaiwa, hilo lazima lisemwe. Lakini Mama Sindano akishona pindo la gauni, dada wa mfuatano huja kulifumua, maana Jumatatu jioni pindo lilikuwa bado. Maharage yakipungua yanaongezwa, yakizidi yanapunguzwa. Baba aliruhusiwa kwenda kazini, kwa kuwa hadithi ilimtaka aingie, na anayeingia sharti awe ametoka. Siku moja alirudi na mkate. Mkate ukakamatwa mlangoni.

"Jumatatu jioni hamkuwa na mkate," alieleza dada wa mfuatano kwa upole.

"Dada yangu, lakini sasa tunao."

"Nawahurumia sana, baba. Lakini hamnao."

Kitabu cha Sindano nacho kilibaki kwenye ukurasa uleule. Hakuruhusiwa kufunua. Alilitatua lile tangi mara nyingi hadi akaanza kulionea huruma.

"Mama, hili tangi si lingezibwa tu?" aliuliza. "Fundi bomba wa huko ni nani, Mkurugenzi?"

"Shika adabu, mwanangu. Wanarekodi."

"Si ndiyo nataka wasikie!"

Mama Sindano aliminya midomo asicheke, maana Jumatatu jioni hakucheka. Hamu yenyewe ya kucheka ilimwisha siku shangazi yake Sindano alipopita upande usio na ukuta, akanong'ona kutoka nyuma ya kamera.

"Wifi! Mnafanya nini humo? Mtihani wa darasa la saba ni Jumatano! Keshokutwa!"

Roho ya Mama Sindano ikapaa. Keshokutwa ya huko nje ilikuwa Jumatano. Ya humu ndani ilikuwa Jumatatu jioni, na maharage bado ya moto.

Alisubiri kamera ibadilishwe betri, dakika chache ambazo zisingetosha mtihani. Ilipobadilishwa, alitoka mbio, kanga begani, akavuka uwanja hadi ofisi ya Mkurugenzi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba." Mkurugenzi alikunja uso. "Mama, mbona uko ofisini kwangu, na mimi najua uko nyumbani, Jumatatu jioni?"

"Nimekuja kuomba Jumatano, baba. Moja tu. Mwanangu ana mtihani."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Jumatano haimo kwenye mpango wa utekelezaji. Mwaka jana tuliomba Jumanne, tukapewa asubuhi yake tu."

"Basi mruhusu mtoto peke yake."

"Mhusika hatoki kwa ruhusa, hutoka kwa hadithi. Waraka niliuandika mwenyewe."

"Na hadithi inasema mwenye nyumba atatufukuza."

"Naam."

"Sasa yuko wapi atufukuze, mheshimiwa? Sisi tuko tayari!"

"Kamati ya kumtafuta mwenye nyumba itakutana mara tu kamati ya kumtafuta mwenyekiti wake itakapokutana." Mkurugenzi akageukia kioo cha dirisha, akaweka tai sawa, akajitazama kwa upande, akatabasamu kidogo, akakaza uso tena. "Na kesho nina wageni kutoka Wizarani. Wanakuja kuona mafanikio. Kwa hiyo mama, rudi ukafanikiwe."

Mama Sindano alimtazama alivyokuwa anajitazama. Kitu kikamjia kichwani.

"Mheshimiwa, watu kule wanasema kitu, sijui kama ni heshima kukirudia."

"Kirudie."

"Wanasema hawa wanaotafuta mwenye nyumba ni vipofu. Wanatafuta sura ya mwenye mali, kifua cha mwenye mali, na wao wanapita mlangoni kwake kila siku wakimwamkia."

Mkurugenzi alimwonyesha mlango kwa kidole. Lakini mama alipotoka, alimsikia nyuma yake akijaribu kwa sauti nyembamba: "Kodi yangu! Kodi *yangu*! Hapana. *Ko-di* yangu!"

Kesho yake wageni wa Wizarani walipangwa kwenye viti upande usio na ukuta, maji ya chupa mapajani. Mkurugenzi alisimama nje ya mlango akiwa na suti mpya.

"Nitaingia dakika chache tu," alisema. "Wageni waone namna uongozi unavyoshiriki."

"Mheshimiwa," alisema dada wa mfuatano, "ukishaonekana kwenye picha..."

"Dada, kanuni hizo nimeziandika mimi."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

"Twende!" alipaza mwongozaji, aliyekuwa amekata tamaa kabisa ya maisha.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkurugenzi aliingia, kifua mbele.

"Kodi yangu!"

"Tuhurumie, baba," alisema Mama Sindano, akapiga magoti. Alikuwa hajawahi kuomba huruma huku akiomba isipatikane. "Hatuna kitu. Tufukuze ukitaka, tufanyeje, sisi ni wako wa kufukuzwa."

Mkurugenzi alivuta pumzi ya kufukuza. Halafu jicho lake likawaangukia wageni. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa anafuta machozi. Mkurugenzi akaona jinsi atakavyoonekana Wizarani. Sauti ikamlegea.

"Hapana, mama, inuka. Kwa huruma ya Idara yangu, mimi nawasamehe. Kaeni! Kaeni humu hata..."

Mama Sindano alikataa kuinuka. Baba Sindano alitazama miguu yake. Jumatano ilikuwa inafungiwa mlango mbele ya macho yao.

"Mwache, mama," alisema Sindano, jicho lake likiwa bado kwenye kitabu. "Huyu si mwenye nyumba. Mwenye nyumba gani ana sauti ya mbu?"

Mgeni mmoja alipaliwa na maji ya chupa.

"Umesema nini, mtoto?"

"Nimesema shikamoo. Halafu nikasema, wewe ni mpangaji kama sisi. Umepewa suti ya kushikilia tu, mwenyewe amelala."

"Mimi? Mpangaji? Mimi!"

"Shh, babu. Utamwamsha mwenye nyumba."

Wageni wakaangua kicheko. Mama mtu mzima aliyekuwa analia sasa alikuwa amejishika mbavu. Mkurugenzi alivimba hadi kifungo cha koti kikaachia.

"Tokeni!" alipiga kelele, kidole kikielekea mlangoni. "Tokeni nje, wote! Na makorokoro yenu! Sasa hivi! Nisiwaone humu tena!"

Hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Baba alibeba godoro, mama cherehani, Sindano sufuria ya maharage na kitabu. Walitoka wakilia kama hadithi ilivyotaka, na walipopita kona wakaanza kukimbia.

"Kata!" Mwongozaji alikuwa anatokwa na machozi ya kweli. "Jamani, hiyo ndiyo sinema!"

Mkurugenzi alijipangusa jasho, akawageukia wageni, akainamisha kichwa kidogo, kisha akaelekea mlangoni.

"Samahani, mheshimiwa," alisema dada wa mfuatano. "Rudi pale. Kidole kilikuwa kimenyooka. Mdomo wazi zaidi. Hivyo."

"Mimi nimemaliza."

"Bado. Kinachofuata, mwenye nyumba anabaki peke yake kwenye nyumba tupu, anangojea mpangaji mpya."

"Basi aje!"

"Anatafutwa, mheshimiwa. Kuna kamati."

Sindano alisukwa upande uliobaki wa kichwa njiani, akitembea, mama akisuka kinyumenyume. Jumatano asubuhi aliingia kwenye chumba cha mtihani. Alipotoka, mama yake alikuwa amekaa chini ya dirisha tangu alfajiri, kanga ameitafuna pembe.

"Vipi, mwanangu?"

"Leo ni siku gani, mama?"

"Jumatano."

"Jioni au mchana?"

"Mchana."

"Basi vizuri tu," alisema Sindano, akajinyoosha. "Kesho ni Alhamisi, eti?"

"Alhamisi kabisa," alisema mama yake, na hapo ndipo alipolia.

Huko Idarani kazi ziliendelea kwa ufanisi. Ijumaa, naibu alikalia kiti cha Mkurugenzi ili kisipate baridi, na Jumatatu iliyofuata alikuwa amekalia na gari pia. Mwisho wa mwezi mishahara ililipwa kwa wote walioufikia. Mkurugenzi hakulipwa. Mhasibu alieleza kwa masikitiko makubwa kwamba, kwa mujibu wa waraka wa mheshimiwa mwenyewe, mheshimiwa bado hajatoka Jumatatu. Mkewe alimletea chakula, kikazuiwa mlangoni.

Mpangaji mpya hajapatikana. Uvumi umegeuka, siku hizi watu wanasema nyuma ya ghala la saruji kuna mtu mnene amefungiwa jioni. Lakini shida ya pili ya wananchi imetatuliwa. Jioni za kweli watu hubeba vigoda vyao, wakaketi upande usio na ukuta, watoto mbele, wazee nyuma, wakamtazama Mkurugenzi akinyoosha kidole, akiwasihi wahamie. Wanasema hawajawahi kuona sinema ya nyumbani nzuri kama ile. Na ni bure.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa shule aepuke haya:

Nyumba isiyo na upande mmoja, hata kama upande huo una jina refu.

Kuhamia Jumatatu. Ijumaa ni afadhali, ukikwama utakuwa umekwama karibu na mapumziko.

Kitu cha bure kinachotaka ubaki kama ulivyo.

Mkubwa anayepaswa kukufukuza, halafu akaingiwa na huruma mbele ya wageni.

Kumnyamazisha mtoto mwenye ulimi. Mkanye nyumbani, lakini usimmalize.

Na ukipita nyuma ya ghala la saruji ukasikia sauti nyembamba ikikuita, ikisema ingia mama, dakika chache tu, kodi ni bure, wewe mwamkie, maana ni mtu mzima. Usisimame.