Mama wa Koti la Kijani Mjini Waterford

Jarlath Phelan alimwona yule mama gatini, chini ya mnara wa mawe, ramani kaishika juu chini, akajua riziki imefika. Alivaa koti la kijani na viatu visivyowahi kukanyaga tope, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye tayari kuamini lolote mradi aambiwe kwa upole.

Jarlath akakiweka sawa kitambulisho shingoni. Kiliandikwa "Mwongoza Watalii Aliyeidhinishwa", na kweli aliidhinishwa: na yeye mwenyewe, jikoni kwake, siku mashine ya kuchapishia ilipokuwa bado na wino.

"Umepotea, mama yangu?"

"Tangu nizaliwe," mama akajibu. "Naitwa Concepta Hearne, natokea Athlone. Nataka kuuona mtaa huu wa Waviking, wale mabaharia wa kale, ila nasikia umejaa matapeli."

"Umejaa, mama. Ndiyo maana Mungu akaniweka hapa."

Akampeleka moja kwa moja nyuma ya magofu ya kanisa la Wafransisko, penye kimlango cha chuma chenye kufuli. Ndani yake wafagiaji walihifadhi mafagio. Jarlath, kwa sauti ya padri kwenye maziko, alieleza kwamba ni handaki walilochimba Waviking mpaka mtoni, hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na mwaka huu ni kesho alfajiri, kwa watu wanane tu, wanaolipa leo. Kesho alfajiri, kama kawaida, wateja wangetazamana mvuani na Jarlath angekuwa Tramore, ufukweni, anakula chipsi.

"Nafasi zote nane nazichukua," Concepta akasema. "Kwaya yetu tuko wanane. Lakini wenzangu ni wabishi, nisipowaeleza kila jiwe watasema nimeibiwa. Nizungushe kwanza, jioni nakulipa."

Jarlath nusura amkumbatie.

Basi asubuhi nzima akamzungusha. Mbele ya mnara alimtungia mwanamke wa Kiviking aliyemngoja mumewe dirishani miaka mitatu. Kwenye kanisa kuu akamtungia askofu aliyezikwa na paka wake. Kila uongo, Concepta aliuandika katika kijidaftari, na kila mara aliuliza, "Halafu?" Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Jarlath hivyo, hata mkewe, hasa mkewe. Akajikuta anatunga vizuri kuliko siku zote.

Mchana wakaketi mkahawani, mbele yao mikate myororo ya blaa iliyojazwa nyama ya nguruwe.

"Na wageni unawapata wapi, mtu hodari kama wewe?" Concepta akauliza.

Sifa zikamlewesha. "Kuna Gussie, bawabu wa hoteli kule gatini. Jumamosi saa tano meli ya watalii ikifika, wote ananiletea mimi. Siri ni moja tu, mama: wengine humwita Gussie. Mimi namwita kwa jina lake kamili, Bwana Augustus."

"Kumbe. Hebu nikione kitambulisho chako. Yaani picha imekuzidi uzuri."

Akakichukua akikisifia, akasema anakwenda kunawa mikono.

Jarlath alingoja mpaka chai ikapoa. Mhudumu akaja na bili. "Yule mama katokea mlango wa nyuma. Kasema wewe ndiye utakayelipia, pamoja na boksi la keki alilofungiwa."

Jumamosi saa tano Jarlath aliisikia sauti anayoijua chini ya mnara. Concepta alikuwa ameinua mwavuli juu, watalii arobaini wamemzunguka, na kitambulisho kinaning'inia shingoni kwake, picha yake imebandikwa juu ya ile ya Jarlath. Anasimulia habari za yule mwanamke wa dirishani. Safari hii miaka ilikuwa thelathini, na mume alirudi kipofu. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho.

Jarlath akapenya, akamvuta mkono wa koti. "Nirudishie kitambulisho changu, mwizi wee."

"Twende polisi," Concepta akamnong'oneza bila kuacha kutabasamu. "Utawaeleza ulikichapishia wapi."

Jarlath akatazama mlangoni pa hoteli. Gussie akageukia upande wa mto.

"Mabibi na mabwana," Concepta akapaza sauti, akimshika Jarlath begani, "tuna bahati leo. Huyu mzee ni mtu wa mwisho wa ukoo wa Waviking waliojenga mnara huu. Itazameni pua yake. Hasemi, ni desturi ya ukoo, lakini kupiga naye picha anakubali, na kofia ya mchango iko hapa kwangu."

Watalii wakaminyana kumfikia. Jarlath akageuka akimbie. Lakini bibi mmoja kutoka Boston alimgusa shavu kwa heshima kubwa, akauliza kama anaruhusiwa kusimama karibu.

Jarlath akavuta pumzi. Akainua kidevu, akakaza macho kuelekea mtoni, na kuwageuzia upande wa pua uliokuwa mzuri zaidi.