Kuku Sita Dhidi ya Kupe

Jumatatu, tarehe 20 Aprili

Kiti kiko wazi! Mwenyekiti wa wababa wa kanisa letu amehamia Lubumbashi. Mimi nimekuwa makamu wake miaka mingi, nikikalia ubao. Kiti chake kina mto. Kiko karibu na mchungaji, na anayekikalia hupewa kipaza sauti kabla ya wengine.

Mchungaji Mulumba ametangaza kwamba wababa watachagua mtu Jumapili ijayo, siku ya mwisho ya mafungo yetu porini, ng'ambo ya reli. Ameongeza kwamba mwaka jana kupe walituaibisha huko. Nusu ya waimbaji walirudi na homa. Kwa hiyo anatakiwa mtu anayejua kuwalinda watu wakiwa nje.

Mimi! Nani mwingine?

Mwalimu Matthias Mwanza, kumbe. Kabla sijainuka, yeye alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuwa hata amepita kwa muuguzi Éliane kuuliza. Akatusomesha: tuvae nguo nyeupe au za rangi hafifu ili kupe aonekane. Suruali iingie ndani ya soksi. Tupite katikati ya njia, tusikae kwenye majani marefu, na kila jioni mtu akaguliwe mwili mzima.

Suruali ndani ya soksi! Mzee wa kanisa si golikipa.

Nakiri, mashauri hayo yana akili. Lakini yametoka kwa Matthias, kwa hiyo nimeyapinga. Nimependekeza suti nyeusi kwa wababa wote, kwa heshima ya kanisa. Makofi! Wababa wetu wanapenda suti kuliko wanavyoogopa homa. Matthias peke yake amesema atavaa nyeupe.

Nyumbani, mke wangu Débora aliuliza kupe ataonekanaje juu ya suti nyeusi. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo faida yake. Hataonekana.

Jumanne, tarehe 21 Aprili

Nimepata! Kuku!

Nilikumbuka ua wa mjomba wangu kule Kabondo-Dianda. Ng'ombe walilala, kuku wakaja kuwadonoa kupe masikioni, na ng'ombe wakafumba macho kwa raha. Basi nitatanguliza kuku wangu sita kwenye uwanja wa mafungo. Watasafisha majani kabla mtu hajakanyaga. Matthias ana soksi. Mimi nina jeshi.

Débora aliuliza kama nimemwambia mtu. Sijamwambia. Hii ni siri. Alitikisa kichwa. "Papa Cathy," alisema, maana huniita kwa jina la binti yetu, "kuku ukipeleka kwa bantu ya maombi, haitarudi." Nilimweleza kwamba hawa si kuku wa kawaida, ni kuku wa kazi. Alicheka hadi akaketi chini.

Alhamisi, tarehe 23 Aprili

Siku ya huzuni.

Nilifika uwanjani kwa pikipiki, siku ya kwanza ya mafungo, kuku watatu kila upande, miguu imefungwa. Kijana wa pikipiki alilalamika njia nzima kwamba wanamdonoa. Nilifurahi. Niliona wana ari.

Lakini akina mama wa jikoni walikuwa wametangulia. Sijamaliza kufungua kuku wa pili, Mama Tshala, mkubwa wao, akaniona. Vigelegele! "Papa Abner ametuletea kuku! Huyu njo papa ya kweli!" Walinipigia makofi ya shukrani huku wamepiga magoti. Kuku wakachukuliwa.

Niliwafuata nikieleza kwamba hao wamekuja kula kupe. Mama Tshala alisimama, akaniangalia kwa huruma. "Kuku gani inafanyaka kazi, papa?" Jiko zima likacheka.

Ningefanya nini? Hapa kwetu kuku aliyefungwa miguu, akiletwa mahali wageni wanapongojewa, ni zawadi. Haulizwi amekuja kufanya nini. Kumdai tena ni aibu isiyosafishika. Mimi mwenyewe nimewapokea wengi namna hiyo na sikumuuliza hata mmoja ujuzi wake. Kwa hiyo nilitabasamu nikasema karibuni, mle kwa amani.

Yule kuku niliyewahi kumfungua alidonoa kitu kwenye majani kabla hawajamkamata. Kazi ilikuwa imeanza! Sitamsahau.

Walipikwa kwa nyanya na kuliwa kwa bukari, ugali wetu. Firigisi ya jogoo ilipelekwa kwa mchungaji, kama desturi. Mchungaji akampa Matthias, kwa sababu alikuwa amefyeka njia asubuhi yote. Mimi niliwekewa shingo. Nimekula shingo ya mfanyakazi wangu.

Ijumaa, tarehe 24 Aprili

Mpango mpya. Mafuta ya taa! Nimelowesha suruali ya suti toka pindo hadi magotini. Hakuna mdudu atakayevumilia harufu hii. Débora naye hakuivumilia. Amehamishia mkeka wake kwa waimbaji.

Asubuhi kulikuwa na baridi, nikasogelea moto kunywa chai. Mama Tshala aliinua mwiko. "Weye utawaka, papa! Toka! Minyi sitaki kuzika muntu leo!" Wababa wakanipisha kwa haraka isiyo na adabu.

Basi wote walikaa kwenye mikeka, mahali Matthias alipofyeka. Mimi nilikaa mbali, peke yangu, katika majani marefu. Nilijilaza kidogo. Majani laini kabisa! Sielewi kwa nini watu wanayaogopa.

Adhuhuri Matthias alipita kwa suruali yake nyeupe, soksi zimevutwa karibu na magoti. Akainama, akatoa kupe aliyekuwa akipanda gotini, akamwonyesha kila mtu. Walimshangilia! Mtu ana kupe, anashangiliwa. Mimi niliikagua suti yangu nyeusi kwa macho na sikuona hata mmoja. Hakuna aliyenipongeza.

Jumamosi, tarehe 25 Aprili

Jana jioni niliukwepa ukaguzi, leo nimepangwa. Akina mama wanakaguana kibandani, wababa nyuma ya turubai, wawili wawili. Mwenzangu alipangwa kuwa nani? Matthias!

Nimvulie shati mtu huyo? Nimpe mgongo wangu siku moja kabla ya uchaguzi? Nilitangaza kwamba mwili wangu si forodha. Matthias alisema, kwa upole unaokera, kwamba kupe hujificha nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni, na kwamba akitolewa mapema hudhuru kidogo. Nilimjibu kwamba kupe wanajua nani wa kumheshimu.

Débora alijitolea kunikagua yeye. Nilimuuliza watu watasema nini wakituona tunajificha nyuma ya kibanda wakati wa mafungo. Alisema watasema, afadhali, yule mzee mbishi amekaguliwa.

Nyuma ya sikio la kushoto panawasha. Ni joto. Kwapa la kulia nalo linawasha. Joto hilo hilo.

Jumapili, tarehe 26 Aprili

Niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma.

Nilisimama kuomba kura. Kipaza sauti mkononi! Nilisema kwamba wengine wanajificha ndani ya soksi, lakini mimi nimekaa katika majani marefu kama mwanamume, sikukaguliwa, na hakuna kupe aliyethubutu kunigusa. Nikageuka kumwinamia mchungaji.

"Papa Abner!" ilipaa sauti ya Mama Tshala. "Nyuma ya sikio! Iko nono sawa kunde!"

Waimbaji walicheka. Wababa walicheka. Mtoto mmoja aliomba anyanyuliwe ili aone vizuri.

Matthias alikuja na kibano. Aliniambia niiname. Alimshika kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole, moja kwa moja, bila kumminya wala kumzungusha. Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Kanisa zima limeniona nimeinama mbele yake!

Wingu lilikuwa limetanda na mchungaji alitaka tumalize. Akauliza papo hapo ni wababa gani wanaomtaka Matthias, wanyooshe mikono. Wakati huo huo Matthias alininong'oneza, "Papa, nyanyua mukono, nione kwapa."

Nikanyanyua. Juu kabisa.

Mchungaji alihesabu, akatangaza kwamba Mwalimu Matthias amechaguliwa na wababa wote bila hata mmoja kukataa. Kisha akanisifu mbele ya watu, kwamba hajapata kuona mshindani mwenye moyo mnyenyekevu namna hii. Makofi marefu! Mdomo wangu ulikuwa wazi, mkono ungali juu. Na kwapani alikuwemo mwingine.

Jumatano, tarehe 29 Aprili

Homa. Kichwa kinauma. Éliane amenipa dawa na kuniambia kwamba ningejikagua Ijumaa jioni, huenda nisingelala kitandani leo. Nilimeza dawa, kwa adabu.

Lakini nikiwa nimelala nimefikiri, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Ijumaa sikukaguliwa: kupe, hakuna. Jumamosi sikukaguliwa: hakuna. Jumapili nikakaguliwa: wawili! Mambo yako wazi. Ukaguzi ndio unaoleta kupe. Mwaka ujao nitasimama dhidi ya Matthias kwa neno moja tu: asikaguliwe mtu!

Nilimweleza Débora. Alitoka nje upesi. Nadhani alikwenda kutafakari. Baadaye nilimsikia uani akimsimulia jirani, na wote wawili wakishikana wasianguke.

Haidhuru. Homa ikishuka nitakwenda shambani kuthibitisha. Nitavaa kaptula. Nikishakula nitalala kwenye majani, yale marefu zaidi, na jioni sitajikagua popote. Matokeo nayaandika leo kabisa, kazi isije ikanilemea siku hiyo: kupe, hakuna.