Namba ya Thuwaiba na Bokoboko la Idi

Leo nimeaibika, tena nyumbani kwa mkwe. Nakuhadithieni mwenyewe kabla hamjasikia kwake.

Juzi jikoni mjukuu wangu Thuwaiba, anayesoma hesabu chuoni, alinionesha namba: 142857. Ukiizidisha kwa mbili, tarakimu ni zilezile, zimehama mahala tu: 285714. Kwa tatu, 428571. Zinazunguka kama watu wanaopishana kwenye sinia, hapana anayetoka wala mgeni anayeingia. Nikaipenda.

Mimi namba hazinikai kichwani (skuli niliishia darasa la pili). Majina ndo hayanipotei. Basi kila tarakimu nikaipa mtu, kwa idadi ya watoto wake. Moja Zuwena, nne Mwanaasha, mbili Bi Shemsa, nane Nunu, tano Asya, saba Bi Samira. Wote majirani zetu wa zamani kule Ng'ambo, mnawajua.

Thuwaiba akasema, "Lakini bibi, usivuke sita." Mchuzi ulikuwa unaungua. Nikamwambia nimefahamu.

Leo alasiri mimi na Thuwaiba tukenda mtaa wa Hail kwa Bi Ruzna, mama wa mke wa mwanangu. Ana watoto tisa, na hapana asiyeambiwa. Mimi na yeye tunagombea jambo moja: Idi mosi wajukuu wale bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama, kwa nani. Kila mwaka kwake, ati kwangu mtaa wa Wattaya hapana pa kuweka magari.

Kahawa ilipowapitia wanawake barazani nikamwambia nna namba, watu wake hawabadiliki umzidishie upendavyo. Akacheka. Nikasema, "Wakibadilika, Idi kwako mpaka nife. Wasipobadilika, mwaka huu kwangu."

"Haya, mkwe. Mashahidi hawa hapa."

Nikawataja watu wangu sita mbele ya baraza nzima, kila mmoja na watoto wake. Binti yake akabonyeza simu. Kwa mbili, wote wamo. Kwa tano, wote wamo, Bi Samira katangulia mbele. Wanawake wakaanza kuniita ustadhi. Hapo mtu mwenye akili angekunywa kahawa yake akanyamaza (sikunyamaza). Nikamwambia Bi Ruzna achague mwenyewe.

"Saba," akasema.

Thuwaiba akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza.

Simu ikatoa 999999. Nikavaa miwani. Zuwena hayupo. Nunu hayupo, na Nunu si mtu wa kukosekana mahala. Tisa tupu, zimejipanga.

Bi Ruzna akauliza taratibu, "Mkwe, na tisa kwako ni nani?"

Mwenye watoto tisa tunamjua sote.

"Wewe."

"Wote sita?"

"Wote sita."

Akanimiminia kahawa. "Basi hata kwenye namba yako nimejaa mimi. Idi njoo mapema, unisaidie kusonga bokoboko."

Garini Thuwaiba kanieleza kwa nini saba huwageuza wote tisa. Safari hii nimesikiliza mpaka mwisho.

Na atakayecheka kati yenu ajiangalie, najua kila mmoja ana watoto wangapi.