Nilivyomshitaki Mtani Wangu kwa Kichefuchefu

Leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mbele ya Jumbe, mbele ya mke wangu, na mbele ya kila mtu wa Masaki hii ya Kisarawe mwenye miguu ya kumfikisha barazani. Nawaandikia mwenyewe, wenzangu wa Mlandizi, kwa mkono huu uliosoma juzuu moja na nusu chuoni na herufi nyingine ukaziokota kwenye magunia ya chumvi. Lori la kesho litawaletea habari, na waongo wa huku nawajua. Bora muipate kwangu.

Mnanijua mimi Kondo. Nilianza na tenga la mkaa kichwani. Leo nina duka lililoezekwa bati na mikorosho ambayo sijamaliza kuizungukia. Tangu surua ya utotoni sijaugua. Hata homa ikija kwangu hupiga hodi kwanza. Sasa mwezi mzima huu, kila alfajiri nikimaliza kuswali, natapika. Natapika kama paka aliyekula mjusi! Ikifika saa nne nimepona kabisa, nauza, nagombana na watu, nakula. Kesho yake tena, vilevile.

Nikajiuliza: ugonjwa gani huu unaojua saa?

Mimi si mtu wa kupokea jambo bila kulichunguza. (Ndivyo nilivyopata bati.) Nikachunguza. Kitu gani cha kwanza kuingia tumboni mwangu kila siku? Kahawa. Naipata wapi? Kwa Maganga. Maganga ni Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge Kibaha, akahamia huku, akajenga nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni mtani wangu. Miaka kumi na miwili tunakunywa kahawa kibarazani kwake na kutukanana mpaka jua litoke. Mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kulala ndani ya kaburi lako usizikwe mpaka apewe kuku, na huruhusiwi kununa. Lakini sumu haimo katika utani.

Nikaacha kahawa siku tatu. Nikatapika siku tatu. Mwingine angesema, basi si kahawa. Mimi nikasema, sumu hii ni kali, inapita puani! Nikamtilia kuku kahawa ileile kwenye kifuu. Kuku akanywa, akapangusa mdomo, akaenda kutaga. Nikakumbuka kwamba kuku huyo nilipewa na Maganga. Nikasema, kumbe na kuku yumo.

Mke wangu, Mama Shabani, kila nikimweleza mateso yangu alisema, "Pole, Baba Shabani," akaendelea kula. (Hapo ndipo nilipopaswa kuchunguza. Sikuchunguza.)

Jana nikaenda kwa Jumbe, nikamshitaki Maganga kwa sumu. Jumbe akaniuliza mara mbili kama najua ninachosema. Mtia sumu hakai kijijini. Anaacha nyumba, anaacha miti aliyoipanda kwa mkono wake, anatoka na watoto wake. Nikajibu najua. Nilikuwa nimetoka kutapika, ndugu zangu, na mtu aliyetoka kutapika hana huruma.

Leo asubuhi baraza likajaa. Maganga akaja amevaa kanzu yake ya Idi, mdila wa kahawa mkononi. Nikajiweka tayari kwa matusi yake. Akasimama mbele yangu.

"Asalaam aleikum, Mzee Kondo."

Miaka kumi na miwili, siku ya kwanza mtu yule kunisalimu kwa adabu! Ilinichoma kuliko tusi lolote.

Jumbe akamwuliza ana la kujibu. "Sina," akasema. "Nikiambiwa nitoke, nitatoka. Mke wangu ameshaanza kufunga mizigo. Naomba kitu kimoja tu, mtu aionje kahawa hii."

Jumbe alikuwa amemwita Bi Tatu, mkunga wetu, anayejua kila mzizi unaoota Kisarawe, na ndiye aliyewapokea watoto wangu wote wanne. Bi Tatu akamimina kikombe, akanusa, akanywa. Akamimina cha pili, akanywa. Akamimina cha tatu.

"Bibi, sumu ipo?" Jumbe akauliza.

"Sijaiona bado. Ngoja niendelee kutafuta."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, harufu ilikuwa inanijia. Bi Tatu akanigeukia, akanitazama kama anayepima kitambaa.

"Kondo, ukiacha kahawa, harufu gani nyingine inakukera?"

"Mafuta ya taa. Samaki mkavu."

"Na dukani kwako unauza nini?"

"Mafuta ya taa na samaki mkavu."

"Maskini. Na roho yako inatamani nini?"

Nikageuka kuona ni nani anasikiliza.

"Sema, mwanangu. Hapa unatafutiwa dawa."

"Embe bichi kwa chumvi."

"Na nini tena?"

"Udongo," nikasema polepole.

"Hawajasikia wa nyuma!"

"Udongo!" (Haya, ndiyo. Mvua ikinyesha, ukuta wa jiko langu unanukia, wallahi, kuliko pilau. Pembe moja nimeshaila hadi kwenye fito. Nilimsingizia mbuzi.)

Upande wa wanawake ukalipuka. Bi Tatu akamwita Mama Shabani, wakaenda nyuma ya nyumba ya Jumbe. Hawakukawia. Bi Tatu akarudi anajifuta mikono kwa upande wa kanga.

"Jumbe, ugonjwa nimeuona. Una miezi mitatu, na haumo tumboni mwa Kondo. Mkewe ana mimba. Yeye kabeba mtoto, huyu kabeba kichefuchefu."

Kitinda mimba wetu ameshatoka jandoni! Sisi tulijua mlango huo umefungwa na ufunguo umepotea. Nikamtazama mke wangu. Amenawiri, mashavu yanang'aa, mkononi ana andazi.

"Sasa kwangu kimefikaje?" nikauliza. Si kwa hasira. Nilitaka kujua kwa kweli, maana tumbo lake si tumbo langu.

"Mwulize kama alikuruka," akasema Bi Tatu.

Mnajua wanavyosema huku, kwamba mwenye mimba changa akimruka mumewe aliyelala, uchovu wote unahamia kwa mume. Mimi sikupata kuamini hata siku moja.

"Mama Shabani, uliniruka?"

"Nilikuruka."

"Kwa bahati mbaya?"

"Baba Shabani, wanne wa kwanza nilitapika peke yangu."

"Mara moja tu?"

"Nilikwenda na kurudi. Ili ishike."

Vigelegele! Jumbe akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yanacheza. Maganga peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa na mdila wake magotini, anatazama chini. Nikaiona kanzu ile ya Idi. Nikaiona mizigo inayofungwa. Mimi sijapata kumwomba mtu radhi tangu nianze kuuza mkaa. Nikasimama.

"Maganga, nimekukosea. Nilikuita muuaji na wewe ulinipa kahawa tu. Nisamehe, usiondoke."

Akauweka mdila chini. Kisha akanyanyuka, akaenda kwa mkewe, akarudi na kanga. Akanifunga kifuani, mimi, mbele ya watu, akakaza fundo.

"Mtani," akasema, "mwenye hali yako hasimami juani. Nenda ukakae na wenzio."

Akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka wa wanawake. Wakanisogezea mto. Mmoja akaniuliza kama mtoto anacheza. Na mimi nilifurahi, wallahi, kwa sababu amenitania, na anayekutania hana nia ya kuhama.

Ningepona hapo. Lakini Jumbe ni mtu wa taratibu. Akasema neno la sumu haliondoki kwa kanga. Aliyemshuku mwenzake lazima anywe kutoka mkononi mwake, mbele ya watu, amalize. Asipomaliza, shitaka bado lipo.

Maganga akamimina kikombe. Akajaza mpaka ukingoni, mtani asiye na huruma! Mvuke ukapanda. Nikafumba macho, nikaziba pumzi, nikasema bismillahi, nikakimimina chote kwa mkupuo mmoja. Nikakigeuza kikombe watu waone hakina kitu. Wakasema alhamdulillahi.

Nikasimama wima, kifua mbele, kanga kifuani. Nikamwambia Jumbe, "Unaona? Mwanamume..."

Neno la pili halikutoka. Ilitoka kahawa. Ikatoka yote, na uji wa jana, ikaangukia mkeka mpya wa Jumbe na kubadhi lake la kulia.

Nikajua nimemfukuza Maganga kwa tumbo langu mwenyewe.

Maganga akanyanyua mkono. "Jumbe, wewe ni shahidi. Kahawa ilifika. Kurudi kwake ni mambo ya mtoto, na mtoto hajui desturi."

Jumbe akalitazama kubadhi lake. Akalitazama tena.

"Imefika," akasema. "Shauri limekwisha. Maganga, mwambie mkeo afungue mizigo. Na huyu mjamzito mwondoeni hapa kabla hajapata neno lingine la kusema."

Nimerudishwa nyumbani katikati ya msafara wa wanawake wanaoimba. Sasa naandika huku nimeweka ndimu puani. Bi Tatu ameniagiza kipande cha muhogo mkavu kando ya kitanda, nitafune kidogo kabla sijanyanyua kichwa, na maji ya tangawizi kwa mafunda madogomadogo. Nimemwuliza, je, na mimi nikimruka mke wangu, kichefuchefu kitarudi kwake? Akasema hajaona mwanamume aliyejaribu, angependa kujua. Mimi pia ningependa kujua. Lakini nimeingia chumbani sasa hivi, nimekuta Mama Shabani amekwishasogeza kitanda ukutani, na upande wa ukuta kalala yeye.

Msicheke huko Mlandizi. Kwanza waangalieni wake zenu wanakulaje asubuhi.