Joto la Shambani kwa Mama Easter

Jumatatu, 6 Februari 1989. Jilore.

Easter kaamka na kikohozi tena. Moshi wa tanuri langu la makaa, najua. Miezi saba tu, na kifua kinakoroma kama paka. Lakini leo mlango umefunguka! Bwana Misitu mpya, Thuku, kijana wa bara mwenye mafua, anatafuta mama wa kutunza kitalu cha miche. Mshahara upo, mtoto aruhusiwa, moshi hakuna! Masharti mawili: nyumba isiwe na tanuri, na ile miche kumi ya mwarubaini aliyotugawia iwe hai. Atakagua Alhamisi.

Mimi nina tanuri. Linawaka.

Jumanne, 7 Februari.

Nimewaza mpaka uji ukaungua. Makaa yameiva, nimeziba matundu kwa udongo, yapoe. Kupoa ni siku nne tano. Nikibomoa sasa yatashika moto yawe majivu matupu. Basi! Tanuri lililofunikwa udongo ni nini? Ni tuta. Na tuta hupandwa nini? Miche! Mulungu wangu, akili hii si ya darasa la saba, nimezaliwa nayo.

Jirani yangu Kache, naye anaitaka kazi hiyohiyo, kachungulia uani. Ati dada Kanze, mbona wapanda miche na viatu miguuni? Nikamjibu ndiyo kilimo cha kisasa.

Alhamisi, 9 Februari.

Amekuja! Mafua yamemziba pua, harufu hasikii. Asante Yesu. Kalisifu tuta langu, limenyooka. Kisha akatoa kipimajoto, kijiti cha kioo, akakichomeka katikati ya miche. Hilo sikulitarajia. Kwa Kache kilisema thelathini na nne. Kwangu hamsini na nane!

Bwana Thuku akakaa chini. Akasema mabingwa ng'ambo wanabishana kama dunia inazidi joto, kumbe ushahidi uko Jilore. Akaandika mara tatu. Alivyofurahi! Kama mtoto aliyepewa andazi. Ningemwambiaje?

Ijumaa, 10 Februari.

Miche minne imelala. Nimeifunga kwenye vijiti. Nimeimwagilia, mvuke ukapanda. Sirudii. Kache kapita akasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nikajifanya nambembeleza mtoto.

Jumamosi, 11 Februari.

Siku gani hii!

Baraza la chifu. Bwana Thuku alieleza kuwa moshi wa makaa, magari na viwanda unaifunika dunia kama blanketi. Mzee Lewa, mwalimu mstaafu, akainuka. Ukame, alisema, babu yake aliujua. Na hata kama ni moshi, ndege zaleta wazungu Malindi zikimwaga wa kwao mchana kutwa. Mbona wa kwanza kuambiwa aache ni mama mwenye tanuri moja? Atauza nini, mikono yake? Makofi! Bwana Thuku akajibu kuacha leo ni ghali, kungoja ni ghali zaidi, na aliyechafua sana ndiye alipe sana. Makofi tena, ya kwangu yakiwemo. Wote wawili walisema kweli. Shingo iliniuma kwa kugeukageuka.

Kisha akaitaja hamsini na nane ya kwa Mama Easter. Mzee Lewa akasema haya, twendeni tukaone.

Tukaenda, baraza zima, chifu mbele. Miche yote kumi imeiva kama mchicha. Chifu akalichoma tuta kwa fimbo, fimbo ikazama, moshi ukatoka fyuu! Vicheko, hata Easter mgongoni akacheka. Mzee Lewa akampigia Bwana Thuku saluti, akamwambia dunia haina homa, kijana, mgonjwa ni tuta la Kanze.

Bwana Thuku akazikata hesabu zake kwa kalamu, polepole. Nikalia. Nikamwomba radhi mbele ya watu. Akasema, "Usijali, mama. Nilipaswa kuchimba kabla ya kupima."

Jumapili, 12 Februari.

Kazi kapewa Kache. Ni haki yake. Baada ya kanisa kaja na muhogo, akanisema, akanicheka, kisha akaniambia nimpeleke Easter kitaluni kila asubuhi, alale kivulini yeye akinywesha miche. Nimemkumbatia mpaka kilemba kikamvuka.

Jumatatu, 13 Februari.

Easter hakukohoa hata mara moja kule kitaluni! Amelala amefungua mdomo, anavuta hewa safi kama tajiri.

Lakini Bwana Thuku maskini! Kila apitaye anamwuliza kama dunia imeshapoa. Amekichomeka kipimajoto kitaluni, atakisoma kila siku saa nane, ati anautaka ukweli peke yake. Leo thelathini na tatu. Thelathini na tatu! Nani atamwamini? Mtu mwema kama yule hafai kuaibika mara mbili.

Kesho nitamsaidia. Nitatangulia kufika na makaa mawili ya moto, niyafukie karibu na kile kijiti. Mawili tu, madogo, asishtuke.